Kiti cha Mjane Juu ya Ghala la Bia

Hadithi hii hamtaiamini, na wala sitawabembeleza muiamini. Wameshaisikia wachungaji, wameshaisikia wanajeshi, ameshaisikia hata mkaguzi mmoja wa mizani kutoka mji mkubwa, na wote walitoka hapa wakitikisa vichwa, ingawa yule mkaguzi alikuwa akitikisa kichwa tangu alipoingia. Kila neno ni la kweli, isipokuwa yale niliyoyavalisha nguo kidogo, na hayo nimeyavalisha kwa sababu baridi ya kwetu mnaijua.

Inamhusu Bibi Mkubwa Sidonia Walburga, aliyetawala nchi yetu hii ya Wolkenrode baada ya mumewe kufariki, mtoto wao akiwa bado ananyonya. Alitawala akiwa amekaa. Sisemi kwamba alikuwa mvivu. Nasema kwamba kama angeinuka vibaya siku moja tu, mtoto angekosa urithi wake, na sisi sote tungeangukia mikononi mwa shemeji yake, Bwana Lebrecht, mtu aliyekuwa akitabasamu hata mlango ukimbana vidole.

Inamhusu pia, kwa mbali, mpika bia wa jumba kubwa, kijana aliyeitwa Gangolf. Huyo nitamtaja kwa uchache. Mtu hodari namna ile, mzuri wa sura, mwepesi wa akili, ukianza kumsifu tu, watu wengine wote wanakosa nafasi katika hadithi.

Basi. Wolkenrode siyo nchi kubwa. Marehemu Bwana Burkhard akipiga chafya chumbani kwake, waliokuwa wakimtakia afya ni watu wa nchi ya jirani. Jeshi letu lilikuwa na ngoma moja na ugomvi wa nani aibebe. Mfalme akipita njiani, watu wake walimwambia, "Mtukufu, tumeingia Wolkenrode," na kabla hajasogeza pazia la gari lake, "Mtukufu, tumetoka." Lakini bia yetu ilikuwa bia. Watu walivuka milima kwa ajili yake, na wengine walishindwa kuivuka tena kurudi kwao.

Bibi Sidonia alikuja kuolewa kwetu kutoka nchi tambarare za kaskazini, kule ambako mgeni unamwona tangu Jumatatu na anakufikia Jumatano. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe na mikono kama makasia. Siku ya harusi gurudumu la gari lake lilichomoka katikati ya mto. Wanaume walisimama ukingoni wakishauriana. Bibi harusi akateremka na gauni lake, akanyanyua kona ya gari, akamwambia dereva, "Tia chuma cha gurudumu, baba, ninalowa." Watu wa ukingoni wakatazamana.

"Tumeletewa bibi harusi au fundi?" mmoja akauliza.

"Kaa kimya," akajibiwa. "Hiyo mikono itakuwa ikitutawala."

Na kweli. Bwana Burkhard alimpenda mkewe, alipenda kuwinda na alipenda bata bukini wa kuoka, ila hatukuwahi kujua kwa mpangilio upi. Alifariki mezani, sikukuu ya Mtakatifu Martin, paja la bata mkononi na uso umejaa amani. Seremala alimpima mara mbili kwa ajili ya jeneza, maana mara ya kwanza alidhani amekosea.

Hilo jeneza ndilo lililoleta matatizo yote.

Kwetu, mtawala akizikwa, mjane wake huwekewa kiti ukumbini, naye msimamizi wa nyumba husimama mbele ya watu na kutamka maneno ya zamani: "Kiti kikikaa, mjane anakaa! Mkono ukikisogeza, mjane ameondoka!" Maana yake ni kwamba kiti kikibaki pale kilipowekwa siku ya mazishi, mjane bado yuko msibani, na anaishika nchi kwa niaba ya mwanawe mpaka mtoto atimize miaka kumi na minane. Akikisogeza yeye, au akimruhusu mtu akisogeze, basi amevua msiba, na utawala unahamia siku hiyohiyo kwa mwanamume wa karibu katika ukoo wa mumewe. Naye atakayekisogeza bila ruhusa yake, mkono wake ni wa mnyongaji. Msiniulize kwa nini. Kwani mila za kwenu zina akili zaidi?

Kwa kawaida kiti huwekwa katikati ya ukumbi, penye mwanga, mahali pa heshima. Lakini katikati ya ukumbi palikuwa na jeneza, na jeneza lile halikuacha nafasi hata ya paka. Mzee Quirin, msimamizi wa nyumba, ambaye macho yake yalistaafu kabla yake, alikisukuma kiti mahali pekee palipobaki wazi, kati ya jiko kubwa la vigae la kupasha ukumbi joto na mlango wa jikoni. Sakafu yote ilikuwa imetandikwa kitambaa cheusi. Bibi Mkubwa akakaa. Quirin akayatamka maneno ya zamani kwa sauti ya kutetemeka. Mchungaji akafungua kitabu.

Ngo, ngo, ngo.

Watu wote wakageuka kulitazama jeneza.

Ngo, ngo! "Fungueni!" ikasema sauti nzito kutoka chini.

Mchungaji akafunga kitabu. Apollonia, mpishi, akajishika mdomo. "Mungu wangu, anataka bata mwingine!"

Mzee Quirin akaanguka magoti mbele ya jeneza. "Bwana Mkubwa, tusamehe! Hatukujua kuwa ulikuwa bado!"

"Bado nini?" ikasema sauti. "Ni mimi, Gangolf! Nani huyo aliyekalia mlango wangu?"

Ndipo watu wakakumbuka. Chini ya kitambaa cheusi, pale hasa kilipowekwa kiti, kulikuwa na kifuniko cha mbao, mlango wa sakafuni wa kushukia ghala la bia. Na chini ya kifuniko, juu ya ngazi, alikuwa amesimama Gangolf, jagi kila mkono, akiwapandishia waombolezaji bia yao.

Bwana Lebrecht alifika kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa mtoto wa baba mdogo wa marehemu, mwanamume wa karibu kuliko wote katika ukoo, na siku ile alikuwa karibu kupita kiasi. Akauweka mkono wake mweupe juu ya egemeo la kiti.

"Masikini, kijana wa watu," akasema, asali ikimdondoka. "Shemeji, hebu inuka kidogo tu. Tukisogeze hiki hatua moja, atoke, halafu tunakirudisha. Nani atajali?"

Bibi Sidonia alikuwa amechoka. Macho yalikuwa yamevimba, na jiko lilikuwa limeshaanza kumwoka upande wa kushoto. Akaweka mikono juu ya kiti, akainuka nusu. Ndipo akauona ule mkono mweupe. Haukuwa mkono wa mtu anayesaidia. Ulikuwa umetulia kama paka mbele ya tundu, ukingoja aseme ndiyo. Akamtazama mwanawe Wendelin, aliyekuwa amelala mikononi mwa yaya wake. Kisha akaketi tena kwa uzito wake wote, kifuniko kikalia kwa uchungu.

"Gangolf!" akaita, uso mbele.

"Naam, Bibi Mkubwa!"

"Huko chini kuna nini?"

"Kuna bia, Bibi Mkubwa. Na kabichi ya kuchachisha. Na soseji zimening'inia."

"Sasa shida yako ni nini?"

Gangolf alikuwa anafikiri, na akili yake, kama nilivyosema, ilikuwa nyepesi. "Sina shida, Bibi Mkubwa."

"Basi kaa. Na wewe shemeji, ondoa mkono kwenye kiti changu, labda kama umeuchoka."

Gangolf alikaa ghalani mpaka waashi walipopanua dirisha la hewa lililoko uani na kumvuta nje kwa mabega. Wengine husema ilikuwa jioni ileile. Gangolf mwenyewe husema ilipita wiki nzima, na mimi namwamini, kwa sababu yeye alikuwepo.

Kuanzia siku hiyo bia ya Wolkenrode ikapandia dirishani, ikizunguka uani kwenye mvua na theluji, kwa kuwa mlango wake ulikuwa umekaliwa na serikali. Msidhani Bibi Mkubwa alilala kitini. Alilala kitandani kama watu, alikwenda kanisani, alipanda farasi. Lakini kila hukumu, kila mgeni, kila kiapo, vilipaswa kufanyika kutoka kwenye kiti kile, na kiti hakikugeuzwa hata upana wa unywele. Wakati wa baridi, upande wake wa kushoto uliiva na wa kulia ukaganda. Kila mlango wa jikoni ulipofunguliwa, ulimgonga kiwiko.

"Samahani, Bibi Mkubwa!" Apollonia alikuwa akisema.

"Apollonia, siku moja ungebisha hodi."

"Nibishe hodi kutoka jikoni kwangu mwenyewe? Na supu mkononi? Bibi Mkubwa ndiye aliyekaa njiani."

"Mimi ndiye serikali."

"Basi serikali ikunje kiwiko, nina matonge ya moto hapa."

Watu wa nje walimhurumia. Hawakujua kwamba kifuniko kile kilikuwa cha mbao nyembamba, na katikati yake palikuwa na tundu, pale fundo la ubao lilipochomoka. Ghala la bia lilikuwa na ubaridi, utulivu, na vitu vya kuonja. Yeyote katika nchi hii aliyekuwa na neno la siri alipitia dirishani, akashuka chini, akalisema mbele ya mapipa. Gangolf aliwamiminia na kufunga mdomo wake, hasa kwa sababu ulikuwa umejaa. Na juu, futi chache kutoka kwenye vichwa vyao, Bibi Mkubwa alikuwa akifuma soksi na kusikiliza.

Wakaja siku moja watu wa vijiji viwili waliogombania mpaka. Mkuu wa kijiji cha bondeni akaapa kwamba jiwe la mpaka lilikuwa pale tangu enzi za babu yake, na halijawahi kutikisika.

"Halijatikisika kabisa?" akauliza Bibi Mkubwa, sindano za kufumia zikigongana.

"Kabisa, Bibi Mkubwa. Jiwe halina miguu."

"Ndiyo maana mlilibeba. Hebu niambie, mlipolifunika blanketi na kulilaza kwenye kitanda cha mtoto ili majirani wasiulize, lililia njiani au lilitulia?"

Yule mtu akawa mweupe kama unga. Jiwe lilirudi kwao jioni hiyohiyo, safari hii bila blanketi. Habari zikaenea kwamba mjane wa Wolkenrode ana malaika anayemnong'oneza. Malaika mwenyewe alikuwa ameshika jagi, na mabawa aliyokuwa nayo ni yale ya bata aliyekuwa akila.

Bwana Lebrecht hakukata tamaa. Kila majira ya kuchipua aliwaleta wachumba, maana mjane akiolewa, kiti kinasogea. Alimleta jenerali mwenye masharubu yaliyofika ukumbini kabla yake.

"Bibi," akasema jenerali, "nimepigana vita vinane."

"Ulishinda vingapi?"

Jenerali akakohoa. "Nilikuwepo vyote."

"Apollonia, mpe bwana supu. Ametoka mbali, na anarudi mbali."

Mwaka mwingine kukatokea moshi. Moshi mzito, mweusi, ukishuka kutoka kwenye bomba la jiko, na mtu nje akipiga kelele za moto. Sasa, mtu wa kwetu akisikia moto, habebi watoto kwanza, wana miguu, anabeba samani. Kabla hujafumba jicho, meza zilikuwa uani, makabati yalikuwa uani, hata saa kubwa ilikuwa uani ikigonga. Mzee Quirin, akipapasa katika moshi, akafika kwenye kiti.

"Hiki nacho!" akalia. "Nisaidieni, ni kizito!"

"Ni kizito kwa sababu mimi nimo ndani," ikasema sauti katika moshi. Mwiko wa supu ukashuka juu ya vidole vyake. "Mzee Quirin, mkono wako una mwenyewe, na siyo mimi. Nenda kwenye bomba, kaangalie nani kalitia majani mabichi."

Walikuta majani mabichi, na glavu moja nyeupe nzuri sana. Bibi Mkubwa alimrudishia shemeji yake glavu ile mezani, ndani ya sahani, na haradali pembeni.

Hivyo miaka ikapita. Wendelin akakua, akawa kijana mrefu kama mama yake na mlaji kama baba yake, na ikabaki kiasi cha wiki chache tu za vuli kabla hajatimiza miaka yake. Nywele za Bibi Mkubwa zilikuwa zimeingia mvi upande wa jiko. Ndipo Bwana Lebrecht, mtu ambaye shida humfanya awe na kiu, akashuka kwenye ghala la bia pamoja na mwanasheria wake, Daktari Molitor, bwana mwembamba aliyeongea kana kwamba kila neno linamwuma jino.

Gangolf aliwamiminia. Kisha akajilaza nyuma ya mapipa akakoroma, ili kuwadanganya.

"Mbao za kifuniko zimeoza," Lebrecht alinong'ona. "Mvuke wa bia umezila tangu zamani. Nitamletea zawadi. Sanamu ya marehemu, ya jiwe, ukubwa wake kamili."

"Ukubwa wake kamili?" Molitor akauliza. "Hilo ni jiwe lingi, Bwana."

"Ndivyo ninavyotaka. Naiweka pembeni mwa kiti, kwa upendo. Kifuniko kinavunjika. Kiti kinaanguka. Kiti kikianguka, kimesogea?"

"Hakika kimesogea," akasema Molitor. "Kwa kwenda chini, lakini kimesogea."

Juu, sindano za kufumia zilikuwa zimetulia.

Asubuhi Bibi Mkubwa akainama kwenye tundu. "Gangolf, baada ya kupika bia, machicha ya shayiri unayapeleka wapi?"

"Kwa nguruwe, Bibi Mkubwa."

"Nguruwe watafunga. Yarundike hapa, chini ya kifuniko. Yarundike mengi. Na usiniulize kitu."

Gangolf hakuuliza. Alirundika machicha mpaka yakawa kilima, laini na yenye joto kama kitanda cha askofu.

Sanamu ilifika Jumapili, watu wote wakiwa wamekusanyika ukumbini baada ya ibada. Ililetwa juu ya magogo ya kuviringisha, ikisukumwa na wanaume waliokuwa wakitukana kimyakimya kwa sababu ya siku yenyewe. Ilikuwa inafanana na marehemu kabisa, hata tumbo. Apollonia alipoliona akafuta chozi. Ikasimamishwa hatua moja tu kutoka kwenye kiti.

"Shemeji," akasema Lebrecht akiinama, "miaka yote hii umekaa peke yako. Nimekuletea mwenzio akae kando yako."

"Umefikiri vizuri," akasema Bibi Mkubwa. "Nimeguswa. Lakini naona aibu mume wangu asukumwe na vibarua hatua yake ya mwisho. Wewe ndiye damu yake. Msogeze wewe mwenyewe, kwa mkono wako, watu waone."

Lebrecht akasita. "Mimi?"

"Au mkono wako unauma? Tangu ule moto umekuwa ukiuficha."

Watu wakacheka. Lebrecht akatabasamu, akavua glavu, akaegemeza mikono miwili kwenye mgongo wa jiwe na kusukuma. Sanamu ikasogea, ikagusa ukingo wa kifuniko. Ubao ukasema, krrr. Bibi Mkubwa akashika vizuri maegemeo mawili ya kiti na kuvuta pumzi. Kisha kifuniko, kitambaa, marehemu wa jiwe, mjane na kiti, vyote vikaondoka ukumbini kwa pamoja.

Na hapa, kwa kuwa mimi ni mtu mkweli, sitaficha. Gangolf alikuwa amesimama chini imara kama nguzo. Alipouona utawala ukimjia kutoka juu, alinyosha mkono mmoja tu, akamdaka Bibi Mkubwa pamoja na kiti chake, akamteremsha juu ya machicha kama mtu anayelaza yai. Mkono wa pili ulikuwa na jagi. Halikumwagika hata tone.

Marehemu wa jiwe alianguka upande wa kabichi na kuingia ndani ya pipa, kichwa kwanza.

Juu, nyuso zikazunguka tundu kama mwezi uliovunjikavunjika. Lebrecht alikuwa anapumua kwa furaha. "Kiti kimesogea!" akapaza sauti. "Mmeona wote! Mimi ni shahidi!"

"Mama!" Wendelin alilia. "Uko salama?"

"Nimekaa," ikajibu sauti kutoka chini. "Daktari Molitor yuko hapo?"

"Nipo, Bibi Mkubwa."

"Sheria inasema kiti kikisogezwa na nini?"

Molitor akainama kwenye tundu. "Na... mkono, Bibi Mkubwa."

"Mimi mikono yangu ilikuwa juu ya maegemeo, nimekaa. Mtu hawezi kujibeba akiwa amejikalia. Kuna mtu niliyemruhusu asogeze kiti?"

"Hapana."

"Basi ama hakuna mkono uliokisogeza, na kiti bado kiko palepale, ila nyumba ndiyo imepanda. Au kuna mkono, nao ni ule ulioisukuma sanamu, watu wote wakiuona, bila ruhusa yangu ya kugusa kiti. Shemeji, wewe chagua. Kama ni mkono, mnyongaji yuko jikoni anakula matonge, Apollonia amwite."

Mlango wa jikoni ukafunguka. "Anamalizia supu," akasema Apollonia. "Anauliza ni wa kulia au wa kushoto."

Bwana Lebrecht akaificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, tabasamu lilimwanguka, na hakuna aliyeliokota.

"Hakuna mkono," akasema.

"Sisikii, huku chini kuna mapipa."

"Hakuna mkono!" Lebrecht akapiga kelele. "Kimeanguka chenyewe! Naapa! Hakuna mkono wowote!"

"Mmesikia wote," akasema Bibi Mkubwa. "Kiti kimekaa. Gangolf, nipe bia."

Kwa kuwa kiti hakikuruhusiwa kusogezwa, serikali ya Wolkenrode ikabaki ghalani. Wiki zote zilizosalia wakuu wa nchi walishuka kwa ngazi, wakakaa juu ya mapipa, wakamsikiliza mjane akihukumu kutoka kilele cha machicha. Hakujawahi kuwa na wakati ambapo wakuu walihudhuria vikao kwa bidii kama ule. Hata mabalozi wa nchi jirani waliomba kesi ziahirishwe ili waje tena kesho. Bwana Lebrecht peke yake hakuja. Aliondoka kwenda kumtembelea binamu yake wa mbali, na mpaka leo bado anamtembelea.

Siku yenyewe ilipofika, Wendelin alishuka akiwa amevaa koti la baba yake, lililomzunguka mara mbili. Akala kiapo chake mbele ya watu wote, mkono juu ya pipa kwa sababu hapakuwa na meza. Kisha akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, unaniruhusu?"

Bibi Sidonia Walburga akamtazama kwa muda mrefu yule kijana aliyekuwa amelala mikononi mwa yaya siku ya kwanza. "Kisogeze, mwanangu," akasema. "Mgongo wangu umekungoja."

Akainuka. Wendelin akakinyanyua kiti, na watu wakashangilia mpaka soseji zikatikisika. Kila mtu alidhani Bibi Mkubwa ataomba kiti chake kiwekwe dirishani, penye jua, mbali na jiko na mlango wa Apollonia. Akafikiri, akakuna kiwiko.

"Kirudisheni palepale," akasema. "Nimezoea. Lakini tengenezeni kifuniko."

Kikatengenezwa. Ndicho hicho mnachokiona juu ya vichwa vyenu hapa, ndugu zangu, tangu ghala hili lilipofanywa mahali pa kunywea watu wote.

Sasa nisogeleeni, maana sehemu hii haijulikani na kila mtu. Kiti kilishasogezwa. Msiba ulishavuliwa. Kwa mila, mjane alikuwa huru kuolewa na amtakaye. Basi siku ileile, kabla shangwe hazijaisha, aliinua macho yake, yakapita wakuu, yakapita mabalozi, yakaruka masharubu ya jenerali, yakatua juu ya Gangolf, aliyekuwa amesimama kando ya pipa na mabega yale niliyowaambia. Akamwendea. Akapiga goti. Naam, yeye mwenyewe, goti chini, kwenye machicha! "Gangolf," akasema, "wewe uliyenidaka kwa mkono mmoja, nioe." Na Gangolf, machozi yakimlenga, akamwinua kwa upole akamwambia, "Bibi Mkubwa, heshima ni kubwa, lakini nikikuoa wewe, bia itabaki na nani? Mimi siwezi—"

Ngo, ngo, ngo.

"Gangolf!" ikasema sauti kutoka juu ya dari.

"N-naam, Bibi Mkubwa!"

"Nani alipiga goti?"

"Bibi Mkubwa, sikujua kama umeshaamka, nilikuwa tu nawapa wageni—"

"Na siku ile nilipoanguka, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa... karibu, Bibi Mkubwa."

"Ulikuwa umelala juu ya machicha. Nilikuangukia tumboni. Jagi ulilovunja bado Apollonia analidai." Sindano za kufumia zikagongana taratibu. "Haya, endelea, nasikiliza. Mimi nilipiga goti, nikakuomba unioe, na wewe ukakataa. Ukakataa kwa kusema nini?"

"Alisema, yaani huyo Gangolf, Bibi Mkubwa, kwa heshima zote, kama jambo lenyewe lingetokea, ambalo sisemi kwamba lilitokea, basi yeye angeku—"